Mti wa kumbukumbu ya mama na chafya za mtoto

Dada yangu alinipokea uwanja wa ndege wa Raleigh-Durham usiku, Aprili mwaka jana. Nilimwamkia, tukakumbatiana, tukalia kidogo kama ilivyo kawaida ya watu waliokaa miaka bila kuonana. Tulipoingia kwenye gari akaniambia, "Mdogo wangu, umekuja wakati mzuri. Nataka kuukata ule mti wa mama, na sitaki kuukata nikiwa peke yangu."

Msomaji, ili unielewe inabidi nirudi nyuma kidogo. Mama yetu alifariki Morogoro miaka tisa kabla ya safari hii. Dada alikuwa Marekani na mtoto mchanga, karatasi zake za uhamiaji hazijakamilika. Angetoka, asingeweza kurudi. Kwa hiyo mama alizikwa dada akiwa anatazama kwenye simu, mtandao ukikatika na kurudi. Mimi ndiye niliyeishika ile simu makaburini.

Wiki mbili baadaye yeye na shemeji walikwenda kwenye kitalu cha miche, wakanunua mti mmoja, wakaupanda uani kwao mjini Durham, jimbo la North Carolina. Hakuwa na kaburi la kwenda kulifagia, basi akawa na mti wa kuumwagilia.

Sasa mtoto yule mchanga ana miaka tisa na nusu. Na daktari amesema ana mzio wa chavua ya mti wa aina ileile.

Asubuhi ya kwanza

Niliamka mapema kwa sababu ya tofauti ya saa, nikafungua mlango wa nyuma. Mti ulikuwa umeipita nyumba kwa urefu. Haukuwa na shina moja kama mwembe wetu wa nyumbani, bali matatu yaliyotoka chini pamoja, kila moja likielekea upande wake. Gome lake ndilo lililonishangaza. Lilikuwa linabanduka lenyewe kwa vipande vyembamba kama karatasi, na chini yake rangi ya maziwa iliyochanganyika na chai, mahali pengine rangi ya mdalasini. Kwenye ncha za matawi kulikuwa na maua marefu yanayoning'inia kama mikia midogo, na majani mabichi ndiyo kwanza yanachomoza.

Wamarekani huuita "river birch", na wanasayansi Betula nigra. Sijawahi kusikia jina lake la Kiswahili, kwa hiyo hapa nitauita mbetula wa mtoni. Ni mti wa asili wa mashariki mwa Marekani, kuanzia New Hampshire kaskazini hadi kaskazini mwa Florida, na magharibi hadi Minnesota na Texas.

Kila kitu uani kilikuwa na vumbi la njano: gari, meza, viti, hata maji ya kwenye bakuli la mbwa wa jirani. Nikamwambia dada, kumbe ndiyo chavua yenyewe hii! Mwanetu, aliyekuwa akinywa chai huku macho yamevimba, akanisahihisha kwa adabu. "Hapana, mama mdogo. Hiyo ni ya misonobari. Hiyo haina shida sana. Yenye shida huioni."

Alikuwa sahihi. Chavua ya misonobari ni kubwa na nzito, ndiyo maana tunaiona, na ni mara chache sana inaleta mzio. Chavua ya mbetula na ya miti ya mialoni ni ndogo, haionekani kwa macho, inapeperuka mbali na inaingia puani bila kubisha hodi. Zote hutoka katika majuma yaleyale ya Machi na Aprili. Mwenye lawama ni mmoja, anayesingiziwa ni mwingine.

Epo lililodhaniwa ni deko

Chafya hazikuwa jambo jipya. Kila Aprili mtoto alikuwa anapiga chafya mfululizo, anasugua macho, usiku anapumulia mdomo. Wazazi wake waliita mafua. Lililomuumiza dada ni jambo lingine.

Tangu akiwa na miaka saba mtoto alianza kukataa matufaha, au epo kama tunavyoyaita sokoni. Akila, anasema mdomo unawasha na koo linakwaruza. Dada ni mtoto wa mwalimu, amelelewa kula kilichopo mezani. Alikuwa anamfungia epo kwenye mkoba wa shule na kumuuliza jioni kama amelimaliza. "Nilimwambia aache kudeka," alinieleza tukiwa jikoni, sauti ikiwa chini ili mtoto asisikie. "Miaka miwili, mdogo wangu. Nilikuwa namlazimisha ale kitu kinachomuwasha."

Siku ya Jumanne niliwasindikiza kliniki. Daktari bingwa wa mzio alikuwa na matokeo ya kipimo cha ngozi, kile ambacho matone madogo ya vitu mbalimbali huwekwa mkononi na ngozi huchomwa kidogo juu yake ili kuona ni lipi litavimba. Chavua ya mbetula ilikuwa imevimba kuliko zote. Ya mialoni ilifuata.

Kwa kuwa mimi ni mwandishi wa afya, nilitoa daftari na kuuliza epo linahusikaje na mti wa uani. Maelezo yake ni haya. Ndani ya chavua ya mbetula kuna protini ambayo mwili wa mtoto umeishaitambua kama adui. Ndani ya matufaha, mapichi, cheri, karoti mbichi, seleri na lozi kuna protini zinazofanana nayo kwa umbo. Mwili unapokutana nazo mdomoni unadhani ni adui yuleyule, ndipo midomo, ulimi na koo vinapowasha. Mara nyingi mwasho huisha wenyewe baada ya dakika chache.

Protini hiyo ni dhaifu, joto huiharibu. Ndiyo maana mtoto huyuhuyu anakula epo lililopikwa bila tatizo lolote. Dada aliposikia hivyo alifunika uso kwa mikono. Alikumbuka kwamba mtoto hajawahi kukataa keki ya epo hata siku moja, na yeye aliitumia keki hiyo kama ushahidi kwamba mtoto anadeka.

Daktari alitoa onyo ambalo nalileta kwako mzazi kama lilivyo. Mwasho wa mdomo pekee ni jambo dogo. Lakini mtoto akivimba koo, akibadilika sauti, akipumua kwa shida, akitapika au akitokwa na vipele mwili mzima baada ya kula chochote, hilo ni jambo la kukimbilia hospitali, si la kusubiri lipite. Na chakula chochote kinachomwasha mtoto kifikishe kwa daktari kwanza. Usimpe tena kwa ajili ya kujaribu.

Mto wenyewe

Jumatano shemeji alitupeleka kwenye hifadhi ya Mto Eno, dakika chache kutoka mjini. Alisema huwezi kuuhukumu mti kabla hujauona kwao.

Mto Eno si mkubwa. Unapita juu ya mawe, maji ya rangi ya chai, na baadaye unaungana na mito ya Flat na Little kutengeneza Mto Neuse. Ulinikumbusha Mto Morogoro unaposhuka kutoka Uluguru, pale ambapo mama alikuwa akitukataza kuogelea na sisi tukawa tunaogelea.

Mibetula ilikuwa kandokando ya maji, imeinama juu ya mto, magome yamening'inia. Mizizi yao ilikuwa imeushika ukingo kama vidole vilivyokamata udongo. Shemeji alinieleza kuwa mti huu unavumilia mafuriko, unaweza kusimama kwenye maji kwa majuma na usife. Mbegu zake hukomaa mwishoni mwa majira ya kuchipua, tofauti na ndugu zake wengi wanaosubiri hadi vuli. Wakati huo maji ya mto hupungua na kuacha matope wazi, na mbegu hudondoka juu ya matope hayo na kuota. Mti umejipangia kalenda yake kwa mto.

Nilitazama juu. Kila tawi lilikuwa na ile mikia ya maua. Upande wa pili wa mto mibetula mingine, nyuma yake mialoni isiyohesabika. Mtoto alikuwa kwenye gari, vioo vimefungwa, kwa sababu kulikuwa na upepo. Nikamuuliza dada, ukikata ule mmoja wa uani, huu msitu utaufanyaje? Hakunijibu.

Waliokosea ni waliopanda

Alhamisi akaja fundi wa miti. Kule kuna watu wenye cheti cha kazi hiyo, hawaji na panga tu. Alizunguka mti, akapima kwa hatua kutoka shinani hadi ukutani: mita tatu na kidogo. Akatikisa kichwa.

Nilijifunza mengi kwa mzee yule. Ndugu na marafiki wengi wanaoishi Marekani wananunua nyumba na wanataka kivuli, kwa hiyo nayaandika hapa.

Mbetula wa mtoni hukua haraka, hata nusu mita hadi karibu mita moja kwa mwaka ukiwa mchanga. Ukikomaa hufika mita 12 hadi 21 kwenda juu, na matawi yake huenea karibu upana huohuo. Mti wa namna hiyo unahitaji angalau mita sita kutoka kwenye nyumba, na ukipata zaidi ni bora. Mizizi yake iko juujuu na inatafuta maji, kwa hiyo usiuweke karibu na bomba la majitaka lenye nyufa. Kabla ya kuchimba shimo, mkazi wa Marekani hupiga simu namba 811 bila malipo. Watu huja kuchora rangi ardhini: kijani ni majitaka, bluu ni maji ya kunywa, njano ni gesi, nyekundu ni umeme. Dada na shemeji hawakuijua namba hiyo. Walichimba tu, kama tunavyochimba nyumbani.

Udongo anaoupenda ni wenye asidi na unyevu. Udongo mwekundu wa mfinyanzi wa Durham unamfaa. Penye chokaa nyingi majani hugeuka njano na mishipa yake kubaki kijani, kwa sababu mti unashindwa kupata madini ya chuma. Unataka jua la kutosha. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya donge la mizizi, lakini lisiwe na kina kuzidi donge hilo. Pale shina linapoanza kupanuka kuwa mizizi pabaki usawa wa ardhi. Mizizi iliyojizungusha ndani ya chungu inyooshwe au ikatwe kabla ya kufukiwa.

Miaka miwili ya kwanza ni ya maji. Kiangazi kikikaza, mti huu hudondosha majani ya njano mwezi Julai, na wengi hudhani unakufa. Haufi, unabana matumizi. Weka matandazo ya magome au majani makavu, unene wa sentimita tano hadi kumi, lakini yasiguse shina. Watu hupenda kuyarundika kama kichuguu kuzunguka shina, na shina linaoza.

Kuna aina iitwayo Heritage, iliyotolewa na Earl Cully wa Illinois miaka ya 1970, inayopendwa kwa magome yake meupe na majani makubwa. Mibetula ya magome meupe ya nchi za baridi huteseka sana kusini kwa sababu ya joto na mdudu anayetoboa mashina. Huyu wa mtoni anamvumilia mdudu huyo vizuri.

Kero zake ni kwamba unadondosha vijiti mwaka mzima, na vidukari huacha majimaji ya kunata juu ya gari lililoegeshwa chini yake.

Nilimuuliza mzee kama dada angeweza kununua mti jike usio na chavua. Akacheka. Mbetula hubeba maua ya kiume na ya kike juu ya mti mmoja. Ukiwa nao, una yote mawili.

Kisha akaonyesha shina moja kati ya yale matatu, lililoegemea paa. Hilo lingetakiwa kuondoka, mzio uwepo usiwepo. Lakini si Aprili. Mbetula ukikatwa wakati wa kuchipua hutokwa na utomvu mwingi. Akasema arudi Agosti.

Kikao cha jikoni

Usiku ule tulikaa jikoni watu wazima watatu. Mtoto tulidhani amelala.

Dada alisema maneno ambayo sikuyatarajia. Kwamba hana haki ya kuweka kumbukumbu ya mama yake juu ya pumzi ya mwanawe. Kwamba mama angekuwa hai angelichukua shoka mwenyewe. Nilimwamini. Mama alikuwa mtu wa namna hiyo.

Nikasoma nilichoandika kwa daktari. Chavua ya mbetula husafiri na upepo kilometa nyingi. Anayelala jirani na mti hupata chavua zaidi, hilo ni kweli, lakini kuondoa mmoja hakumponyi mtoto katika mji wenye maelfu. Na mialoni, ambayo ni ndugu wa mbali wa mbetula, itabaki. Alichoshauri daktari kilikuwa kingine: dawa ya kupuliza puani ianze kabla ya msimu, si baada ya chafya kuanza. Madirisha yafungwe Machi na Aprili. Nguo zisianikwe nje miezi hiyo. Mtoto akitoka nje aoge na kuosha nywele kabla ya kupanda kitandani. Mvua ikinyesha, chavua hushuka, ndiyo siku ya kucheza. Ikishindikana, kuna matibabu ya sindano ya miaka mitatu hadi mitano yanayouzoesha mwili kidogokidogo.

Ndipo shemeji, ambaye huongea mara chache, akauliza chumba cha mtoto kiko upande gani. Tukatazamana. Dirisha lake lilikuwa linaangalia mti. Dada mwenyewe ndiye aliyemchagulia chumba kile, ili mtoto amwone bibi kila akiamka.

"Basi abadilishe na mimi chumba cha kazi," shemeji akasema.

Sauti ikatoka kwenye korido: "Mti usikatwe. Nitafunga dirisha." Kumbe alikuwa amesimama pale muda wote, amejifunga blanketi. Dada akamwita, akampakata kama mtoto mdogo ingawa miguu ilifika chini, akamwomba msamaha kuhusu epo. Mtoto akasema, "Ni sawa mama. Ila karoti pia." Tukacheka, halafu dada akalia.

Nilichorudi nacho

Nilipokuwa nafunga safari ya kwenda, nilitaka kumchukulia dada udongo kidogo wa kaburi la mama. Nikasoma masharti ya forodha ya Marekani: udongo hauingii bila kibali. Nikauacha. Nikiwa narudi, dada naye alitaka kunipa mbegu za ule mti. Nikazikataa kwa sababu hiyohiyo. Mbegu na miche huvuka mipaka na magonjwa yake, na mti uliozoea baridi ya kweli hauna kazi Morogoro. Kando ya mito yetu tuna mikuyu inayofanya kazi ileile, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inatutaka tuache mita 60 za ukingo bila shughuli. Tuitunze hiyo kwanza.

Kwa mzazi unayesoma hapa nyumbani, mzio wa mbetula pengine haukuhusu. Lakini mtoto anayesema chakula fulani kinamuwasha mdomo, msikilize kabla hujamwita mdekaji. Mafua yanayorudi kila mwaka mwezi uleule, yapeleke kwa daktari na tarehe zake umeandika. Na ukipanda mti, uwe wa kivuli au wa kumbukumbu, pima hatua kutoka ukutani ukijiuliza utakuwaje baada ya miaka ishirini.

Agosti dada alinitumia picha. Shina lililoegemea paa limeondoka, mawili yamebaki. Aprili mwaka huu mtoto alianza dawa mapema. Chafya zipo, ila analala.

Karatasi za dada zimekamilika. Anakuja Desemba na mtoto, kwa mara ya kwanza. Ameniuliza kama kaburini kuna kivuli. Nimemwambia hakuna, na kwamba mti tutauchagua pamoja akifika.